Bunduki ya upepo inatawanya peleti? Anza na skrubu, springi iache mwisho kabisa

Wakuu, mtu akinunua bunduki ya upepo ya springi kwa mara ya kwanza, haichukui muda utamsikia analalamika, peleti (vile virisasi vyake vidogo) tano matundu matano na kila tundu lina mtaa wake. Na wazo la kwanza linalomjia ni kuifungua aweke springi kali zaidi, manake anaamini tatizo ni nguvu. Sio nguvu jamani. Mara nyingi ni skrubu imelegea, au peleti ambayo mtutu hauipendi, au mikono inayoikaba bunduki kama inataka kutoroka, na vyote hivyo unavimaliza mezani bila kugusa kitu cha ndani. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kwa mpangilio wa bei, cha bure kinaanza, cha hela kinafuata, cha kufungua bunduki kinakaa mwisho na ikibidi hukifanyi kabisa.

Naongelea zaidi Uingereza manake huko ndo huu mchezo umeshika mizizi, ule wa Field Target wa kuangusha vibao vya chuma ulianzia Magham Down, Sussex mwaka 1980 na mpaka leo kuna vilabu vingi tu. Ila fizikia ni ile ile popote ulipo.

Kwanza sheria, tuimalize haraka

England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12 kwenye mdomo wa mtutu (kama joule 16.3) haihitaji cheti. Ikizidi hapo tu, hata kwa bahati mbaya, kisheria ishakuwa silaha ya moto na wewe huna cheti, kesi hiyo. Scotland tangu mwisho wa 2016 unatakiwa leseni hata kwa hizi za kawaida. Northern Ireland ni kali zaidi, kinachozidi joule 1 kinataka cheti. Ujerumani bila kibali ni joule 7.5 na lazima bunduki iwe na ile alama ya F ndani ya pembe tano. Kununua ni miaka 18, dukani Uingereza unakabidhiwa mkono kwa mkono, na nyumbani unatakiwa kuifungia mahali watoto hawafiki. Peleti yako ikivuka mpaka wa eneo uliloruhusiwa ni kosa, hata kama haikugonga mtu.

Walioko Afrika Mashariki msichukulie kwamba ya upepo ni toy, nenda polisi uliza kabla hujatoa hela, sio baada.

Ndani kunatokea nini

Hapa nitakaa kidogo manake ukielewa hapa mengine yote yanaeleweka.

Ukivunja mtutu kukokota (au ukivuta lile wenzo la chini kwenye aina kama Weihrauch HW97 na Air Arms TX200), unabana springi na kuirudisha pistoni nyuma, triga inaishika. Ukifyatua, springi inairusha pistoni mbele, na kwa kuwa pistoni ni zito bunduki yenyewe inaruka nyuma kidogo. Pistoni inabana hewa mbele yake, hewa inakuwa moto na shinikizo linapanda, peleti inaanza kutembea. Pistoni inadunda kwenye ule mto wa hewa, na sa hivi bunduki inasukumwa kwenda mbele. Yote haya yanatokea wakati peleti bado iko ndani ya mtutu.

Umeona shida? Bunduki inacheza mbele nyuma kabla peleti haijatoka. Kwa hiyo peleti inatoka mtutu ukiwa umeelekea pale ulipofika, sio pale ulipolenga. Kama mchezo huo ni ule ule kila mara, peleti zinaenda sehemu moja na unarekebisha darubini tu. Kama leo umeikaba kesho umeilegeza, kila peleti inakuta mtutu uko kwingine. Ndo maana kwenye springi tunatafuta kitu kimoja tu, kufanana. Zile za mtungi wa hewa hazina shida hii kwa sababu hakuna pistoni, ila ni ghali na zinataka pampu, mada nyingine.

Na kutokana na hapo hapo kuna makatazo mawili. Usifyatue bila peleti, pistoni haitakuwa na mto wa hewa wa kudundia, itagonga chuma kwa chuma. Na usimwage oili wala ile spree ya kulegeza kutu ndani ya silinda au kwenye tundu la hewa, ile hewa moto inaichoma kama injini ya dizeli, utasikia mlio mkubwa na moshi na wengine wanafurahi eti bunduki imeongezeka nguvu, kumbe inaua sili na springi yake yenyewe. Bunduki mpya ikitoa moshi kidogo mwanzoni ni mafuta ya kiwandani yanaungua, hiyo itaisha.

Hatua ya 1: skrubu

Hakikisha haijakokotwa na haina peleti. Tafuta skrubu zote zinazoshika kitako cha mbao na chuma, kwa kawaida ziko mbili mbele pembeni na moja au mbili kwenye kinga ya triga. Tumia bisibisi au alenki inayokaa sawasawa, sio inayokaribiana, manake ukishachubua kichwa cha skrubu utajuta. Kaza imara lakini usipasue mbao. Springi inatikisa na kutikisa ndo kunalegeza, kwa hiyo baada ya kama bati (kopo) moja la peleti kagua tena. Kama zinalegea kila mara, zitoe moja moja, futa mafuta kwa spiriti, weka tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya bluu (sio nyekundu, nyekundu hutaifungua tena bila moto) urudishe.

Kagua pia nati au boliti ya pale mtutu unapovunjikia. Ukiushika mtutu ukiwa umefungwa ukautikisa kushoto kulia na ukahisi unacheza, hakuna peleti duniani itakayokusaidia.

Hatua ya 2: sili ya nyuma ya mtutu na usafi wake

Chana kipande cha tishu chembamba, kilaze pale mtutu unapokutana na silinda, weka peleti, elekeza kwenye kizuizi cha peleti, fyatua. Tishu ikiruka, hewa inavuja. Ile sili ni mpira mdogo wa bei ndogo, unang'oa kwa ncha ya kijiti (usitumie chuma chenye makali) unapachika mwingine wa aina ile ile. Mtu anaweza kuhangaika mwezi mzima na darubini kumbe mpira wa bei ya soda.

Mtutu mpya mara nyingi umejaa mafuta ya kuzuia kutu, huo usafishe. Chukua uzi wa kuvulia samaki mnene, ukunje mara mbili uwe na kitanzi, pitisha toka mdomo wa mbele utokeze nyuma, weka kitambaa kidogo cha pamba kwenye kitanzi, vuta. Kitambaa kisiwe kikubwa kikakwama katikati. Rudia mpaka kinatoka safi kiasi. Hakuna haja ya brashi ya shaba, hapa hakuna baruti, kuna risasi laini tu (ile metali peleti zinatengenezwa nayo) na vumbi. Baada ya hapo piga peleti ishirini hivi bila kuhesabu matokeo, mtutu unahitaji kupata ule utando mwembamba wa risasi ndo utulie. Na ukishatulia uache, hakuna haja ya kusafisha kila Jumapili, safisha shabaha ikianza kuharibika.

Hatua ya 3: darubini

Kosa linaloumiza mfuko ni kuchukua darubini nzuri ya bunduki ya baruti ukaifunga kwenye springi. Zile zimetengenezwa kustahimili kurudi nyuma tu, na springi inarudi nyuma halafu inaruka mbele, vioo vya ndani vinalegea. Nunua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa bunduki za upepo za springi. Faida nyingine ni kwamba nyingi zinaweza kurekebishwa kuona vizuri hata kwa karibu, mpaka yadi 10, wakati za baruti nyingi zimewekewa yadi 100, ukizitumia yadi 20 unaona picha ukungu na alama ya kulengea inaogelea juu ya shabaha ukisogeza jicho.

Reli ya juu nyingi ni milimita 11. Ifute kwa spiriti isiwe na mafuta hata kidogo, vibanio navyo ndani vifute. Chagua kibanio chenye kipini cha kuzuia ambacho kinaingia kwenye tundu la reli, la sivyo darubini itatambaa nyuma kidogo kidogo na wewe utakuwa unazungusha vile vitufe vyake vya kurekebisha kila wikiendi. Chora mstari wa penseli kwenye reli nyuma ya kibanio, ukiona pengo ujue imetembea.

Kuinyoosha, ninginiza timazi mlangoni au ukutani, kamba na nati ya chuma inatosha, weka bunduki imenyooka halafu zungusha darubini mpaka ule mstari wa wima ulalie kamba. Skrubu za pete unakaza kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule, usimalize moja kwanza. Ukilenga na bunduki imelala upande, kwa karibu hutaona tofauti, kwa mbali peleti zitakuwa zinaenda pembeni na utasingizia upepo.

Hizi za kuvunja mtutu zina tabia nyingine, mtutu mara nyingi unaangalia chini kidogo kuliko reli. Unazungusha kitufe cha juu mpaka kinagota na peleti bado ziko chini. Dawa ni kibanio kilichoinama au kinachorekebishika. Usiukunje mtutu, tafadhali.

Hatua ya 4: peleti, na hapa ndo penyewe

Kila mtutu una peleti yake. Bunduki mbili za namba zinazofuatana toka kiwanda kimoja zinaweza kupenda mabati tofauti na hakuna mtu wa kukuambia, lazima ujaribu. Maduka mengine yanauza pakiti za sampo, la sivyo changisheni na wenzio wa klabu mgawane mabati.

Za kichwa cha duara ndo chaguo la umbali. Zile zenye ncha kali zinauzwa kwa picha nzuri tu, ncha ikipinda kidogo peleti inayumba. Za kichwa bapa ni za mita 10, zinakata tundu safi kwenye karatasi ndo maana mashindano ya Olimpiki yanazitumia (mchezo huo uliingia Olimpiki 1984 Los Angeles, na duara la 10 lina nusu milimita, fikiria). Kwa kuanzia kwenye caliba ya milimita 4.5 jaribu JSB Exact ya greni 8.44 (greni ni kipimo cha uzito wa peleti), Air Arms Diabolo Field, H&N Field Target Trophy na RWS Superdome. Nyingine utakuta bati limeandikwa 4.50, 4.51 au 4.52, hicho ni kipenyo cha kichwa, na hiyo tofauti ndogo inaweza kubadilisha kila kitu. Peleti ikiingia kwa kudondoka yenyewe ni nyembamba, ikihitaji kusukumwa kwa nguvu mpaka sketi (ule ukingo mwembamba wa nyuma ya peleti) inaharibika ni nene. Unataka ile inayoingia kwa kidole na upinzani kidogo. Gololi za chuma usiweke kamwe kwenye mtutu wa mifereji, utaikwangua.

Namna ya kujaribu: yadi 25, siku isiyo na upepo, bunduki juu ya mto laini. Ukibadili aina ya peleti piga kwanza kama kumi za kuzoesha mtutu, halafu piga kumi kwenye karatasi safi. Sio tatu. Watu wanapiga tatu, zinaingia tundu moja, wanapiga picha wanaposti, za nne na tano hazionyeshwi. Pima ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje wa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, toa 4.5, hiyo ndo saizi ya kundi. Kumi zikikaa ndani ya milimita 20 kwa springi ya kawaida na mikono ya kawaida mimi naridhika, mwenye HW97 na mazoezi atakucheka lakini muache.

Kabla ya kupakia angalia sketi, ikiwa imebonyea weka pembeni. Na peleti nyingi ni risasi yenyewe, ile metali ya sumu, kwa hiyo usizishike mdomoni kama misumari ya fundi na ukimaliza osha mikono kabla ya kula.

Hatua ya 5: kushika

Sasa rudi kwenye ile habari ya bunduki kucheza. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, vidole visiikamate. Kitako kiguse bega bila kuvutwa. Shavu liguse tu. Mkono wa triga ulegee, kidole kivute kwenda nyuma moja kwa moja, na baada ya mlio endelea kuangalia kwenye darubini mpaka uione peleti imefika. Mkono wa mbele utafute sehemu yake, wengine ni karibu na kinga ya triga wengine mbele zaidi, piga kundi kila sehemu, ukiipata iwekee alama ya tepu na usihame. Usiilaze juu ya tofali au ukingo wa meza, itaruka juu. Mto wa mchele unafaa.

Wakati wa kupakia mkono mmoja unabaki umeushika mtutu (au lile wenzo) mpaka umalize. Triga ikiteleza mtutu unarudi kwa kasi, na kwenye za wenzo la chini silinda inakata kidole. TX200 ina meno ya kuzuia lakini shika hata hivyo.

Hatua ya 6: sifuri

Sifuri ni kurekebisha darubini mpaka peleti igonge pale unapolenga. Anza yadi 10 kwenye karatasi kubwa ili ujue inapiga wapi, halafu nenda umbali wako wa kudumu, kwa 4.5 wengi wanachagua yadi 25 mpaka 30. Piga tano, tafuta katikati ya kundi, rekebisha kwa katikati hiyo sio kwa tundu moja. Darubini nyingi klik moja ni robo ya dakika (dakika ya pembe, sio ya saa), ambayo kwenye mita 25 ni kama milimita 1.8. Kundi likiwa chini milimita 18, klik kumi juu. Ukimaliza piga tena yadi 10, 15, 20, 35, 40, andika kila umbali peleti inapanda au kushuka kiasi gani, kikaratasi bandika kwenye kitako. Mashindano ya HFT (Hunter Field Target) yanaenda yadi 8 mpaka 45 na hayakuruhusu kugusa vitufe katikati ya mchezo, kwa hiyo hicho kikaratasi utakikariri.

Hatua ya 7: kronografu

Hiki ni kifaa cha kupima kasi ya peleti. Kama klabu wanayo omba, la sivyo ndogo za bei nafuu zipo. Hesabu ni hii: kasi kwa futi kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa uzito wa peleti kwa greni, gawanya kwa 450240. Peleti ya 8.44 ikienda 780 unapata futi-pauni 11.4, uko salama. Ikienda 800 umefika 12 kamili, usikae hapo. Pima na peleti nyepesi na nzito pia, manake polisi hawalazimiki kupima na bati unalolipenda wewe.

Ila sababu kubwa ya kupima ni kufanana. Kumi zikitofautiana futi 10 au 15 bunduki ina afya. Zikitofautiana 30, 40, au kasi ikishuka mwezi hadi mwezi, na umeshabadili ile sili ya nyuma ya mtutu, basi sasa ndo kuna sababu ya kuangalia ndani.

Triga, na springi

Triga ina skrubu ya uzito na mara nyingi nyingine inayopanga vyuma vinavyoshikana. Ya uzito unaweza kugusa, robo mzunguko kwa wakati, ukisoma kijitabu chake. Ile nyingine iache. Ukishapunguza, weka peleti, kokota, elekeza kwenye kizuizi, kidole nje ya triga, gonga kitako kwa kiganja. Ikifyatuka yenyewe umeshuka mno, rudisha. Triga ya Rekord ya Weihrauch toka kiwandani tayari ni nzuri, wengi wanaichezea kwa sababu tu ina skrubu.

Kuhusu springi, imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokotwa. Ukitoa kofia ya nyuma bila kile kifaa cha kuibana inatoka na chuma chake kuelekea usoni, kuna watu wana makovu. Hiyo kazi mpe fundi. Na usimwambie "iongeze nguvu", mwambie unataka iwe laini na isimame futi-pauni 11 na kidogo, atakuwekea kiongozi cha springi kinachokaa bila kucheza, sili ya pistoni, grisi sahihi kwa kiasi, ule mlio wa "twaaang" utapotea na shabaha itatulia. Mpelekee na bati la peleti unalotumia pamoja na namba zako za kronografu, na akikurudishia muombe karatasi ya vipimo vyake, halafu rudia hatua ya 6 yote manake sifuri yako ya zamani haipo tena.